Breki Kabla ya Shimo: Tulivyomrudisha Bibi Leokadia Nyakisasa

Vijana wangu wa Mugoma, mnaponipita nimekaa kwenye benchi la duka la spea mnanisalimia vizuri, "Shikamoo Mzee Veda," nami naitikia marahaba, halafu mnaondoka mkidhani nimebaki kuangalia watu. Siangalii watu. Watu nimewaangalia vya kutosha. Naangalia magurudumu yenu. Najua ni nani tairi lake la kushoto limetoa nundu. Najua ni nani shokamzoba yake inavuja mafuta na yeye anasema ni tope. Najua pia ni nani amelinyanyua gari lake kwa vipande vya raba juu ya springi ili lionekane refu, na sasa linatembea kama binti aliyeazima viatu vya dada yake.

Huwa nanyamaza, maana mstaafu akisema bila kuulizwa anaitwa mzee wa maneno. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza. Simtaji, anajijua, mwenye kofia nyekundu. Alisema, "Mzee, umeendesha miaka yote kati ya Ngara na Biharamulo, barabara ile imekula magari ya watu wote, na wewe umestaafu na gari lako bado likiwa zima chini. Ulikuwa na dawa gani?"

Nilimwona jinsi alivyoinama, sauti chini, kama mtu anayetaka aelekezwe kwa mganga. Basi nitawaambia wote, ili asije akauziwa mzizi wa kufunga kwenye tairodi, kile chuma cha usukani. Nilikuwa na fundi, na nilikuwa na bibi mmoja aliyevunjika paja. Dawa yangu ni hao wawili.

Fundi aliitwa Sadoki. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, wakapata shamba, wakalima, wakabaki, na Sadoki akawa mtu wa hapa kuliko wengi wenu mliozaliwa hapa. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko, na katikati ya banda alichimba shimo la kuingia chini ya gari. Alikuwa akisema hilo ndilo shimo pekee wilayani lililowahi kutengeneza gari.

Siku ya kwanza nilimpelekea gari likilia kong kong upande wa mbele. Nilitegemea aniulize gari linasumbua nini. Yeye akauliza, "Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Mguu wangu?"

"Ulipoingia shimoni. Mguu wako wa kuria ulikuwa wapi?"

Sadoki alikuwa akizichanganya l na r maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kumsahihisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na spana.

Nikamwambia mguu ulikuwa kwenye breki, tena nimekanyaga kwa nguvu zangu zote, ningefanya nini kingine? Akaniita mbele ya gari, akaweka mikono miwili juu ya boneti, akalisukuma chini. Pua ya gari ikainama. "Ona," akasema. "Ukifunga breki, gari rinainama hivi. Springi imeshajikunja, haina pa kwenda tena. Harafu ndiyo unaitumbukiza shimoni. Pigo halipokewi na kitu, rinapanda moja kwa moja mpaka kwenye meno yako." Akaachia mikono, pua ikainuka. "Funga breki huku nyuma, mapema, mpaka gari ripoe. Ukifika ukingoni, achiria. Gurudumu riingie rikiwa huru, kama mguu wa mtu anayeshuka ngazi akijua ngazi ipo."

Ndiyo hiyo. Hamkuchinja kuku kuipata, mmeipata bure. Breki kabla ya shimo. Ndani ya shimo, acha.

Najua mtasema mnakwepa. Nawaona mkikwepa. Mnatoka kushoto mnakwenda kulia, mnarudi kushoto, mtu akiwatazama toka mlimani anadhani gari linafukuza panya. Kuna shimo la kukwepa, ndiyo, kama umeliona mapema na hakuna mtu anayekuja mbele. Lakini ukiligundua likiwa puani, ukakata usukani ghafla, tairi linaingia kwa ubavu, na ubavu wa tairi ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Ukingo wa lami iliyovunjika unakata kama panga. Heri uingie umenyooka, taratibu, ukubali shimo ni lako, kuliko kuliingia kwa mashaka.

Na vidole gumba viwe nje ya usukani, visikumbatie kwa ndani. Hilo sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na usukani wenyewe siku gurudumu lilipogonga jiwe huko Kanazi na usukani ukazunguka peke yake. Kidole changu kilivimba kama ndizi mshale. Sadoki alikitazama akasema, "Usukani umekusarimia," akaendelea na kazi yake.

Sasa bibi.

Bibi Leokadia ni wa Nyakisasa, mjane, mtu wa kanisani na mtu wa shamba, na ulimi wake mnaujua au mtaujua. Ana mtoto wa kiume, Deogratias, mwalimu aliyehamia Biharamulo mjini. Na ana mjukuu wa dada yake, kijana anayeitwa Jovini, dereva wa mchomoko hapa hapa Mugoma, wale wanaojaza abiria kwenye gari dogo mpaka mlango unafungwa kwa goti. Wakati huo Jovini alikuwa dereva mwenye mbio kuliko wote. Hata nyie mnaojisifu leo mngekula vumbi lake.

Msimu mmoja wa mvua Bibi Leokadia alikuwa akishuka mteremko wa shamba lake na mkungu wa ndizi kichwani, akateleza kwenye majani ya mgomba, akaanguka vibaya. Paja. Majirani wakampigia simu Jovini, kwa kuwa ndiye ndugu mwenye gari, na Mwalimu Deogratias akasema kwa simu, mleteni huku Biharamulo, nitakuwa naye hospitali. Jovini akaja mbio, akamlaza bibi kiti cha nyuma, akaondoka mbio.

Nataka mumwelewe Jovini hapa, maana wengi walimsema vibaya. Alikimbia kwa huruma. Kila bibi alipolia nyuma, yeye alizidi kukanyaga mafuta, akiamini anamfupishia mateso. Bibi alikuwa akilia, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu, na kijana akasikia kama anaambiwa ongeza. Shimo baada ya shimo, breki ndani ya kila moja. Walipofika, mfupa uliokuwa umepasuka ulikuwa umeachana kabisa, na daktari aliuliza kama mgonjwa ameletwa kwa kuviringishwa. Ikabidi apasuliwe, atiwe chuma.

Jovini alisikia swali lile la daktari. Aliondoka siku ile ile na hakurudi kumwona bibi tena. Si kwamba hakumpenda. Aliona aibu, na aibu ya kijana ikikaa bila kusemwa inageuka ukimya.

Bibi alikaa kwa mwanawe Biharamulo mpaka kidonda kikafunga na daktari akaruhusu arudi kwake, lakini kwa sharti: asitikiswe. Mwalimu Deogratias alitaka mama abaki naye moja kwa moja. Mama alitaka nyumba yake, migomba yake na kaburi la mumewe. Hata hivyo kila aliposikia mlio wa gari uani alishika kitanda kwa mikono miwili. Alikuwa katikati, anataka kurudi na anaogopa njia. Akaacha kula vizuri. Ndipo mwalimu akanipigia.

"Mzee Veda, shikamoo. Mama amesema atapanda gari moja tu."

"Marahaba, Mwalimu. Gari lipi?"

"Lako. Anasema alikuona ukimleta paroko mgonjwa mpaka Nyakisasa, na paroko alishuka akiwa amelala usingizi."

Ukweli ni kwamba yule paroko alikuwa na tabia ya kulala popote, hata kwenye mahubiri ya mwenzake. Lakini sikukataa sifa.

Nilikuwa na Noah ya zamani, rangi ya maziwa. Kabla ya kwenda nilimpelekea Sadoki. Aliingia kwenye shimo lake, akagonga bushi, zile raba za viungo, moja moja kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, akakamata kila gurudumu juu na chini akalitikisa kuona kama boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu, imelegea. Akabadilisha bushi mbili na shokamzoba moja ya nyuma. Halafu akashughulika na upepo wa matairi. Nilitaka apunguze sana, nikidhani tairi laini ni godoro. Akakataa. "Tairi raini rikigonga ukingo rinabanwa kati ya rami na rimu, rinakatika, na rimu inapinda. Gumu sana nalo rinamrusha bibi juu. Punguza kidogo tu kuriko ulivyozoea, basi." Na akaniambia jambo ambalo wengi hamlijui: gari tupu linarukaruka. "Weka mzigo katikati, chini, sakafuni. Springi ikiwa na kazi inakuwa na adabu."

Biharamulo nilimkuta mwalimu ameshafikiria upande wake. Alikuwa ametoa viti vya nyuma, akapima mlango kwa godoro, na akanunua magunia ya mchele ya kumpelekea mama nyumbani. Tukayalaza magunia katikati ya sakafu, godoro juu yake, mito huku na huku, na mto mmoja mnene chini ya goti la mguu mbovu. Lilikuwa wazo lake lile la mto wa goti, nesi alimwonyesha, na lilikuwa wazo zuri. Tukambeba bibi kwa shuka, tukamlaza.

Akaninyooshea mkono. "Vedasto."

"Naam, Mama."

"Nimesali nikuombee. Sasa nitasali nikupime." Akatoa rozari shingoni. "Tutasema rozari njiani, wote. Ukinitikisa katikati ya zile Salamu Maria kumi, tunarudi mwanzo wa ile kumi."

Mwalimu alikaa mbele pembeni yangu. Akacheka kidogo. Baadaye hakucheka, maana ndiye aliyekuwa akiitikia.

Tukaondoka asubuhi baada ya chai, mwanga ukiwa umeshapanda. Hilo nalo shikeni. Msianze safari ya mashimo jua likiwa limelala mbele yenu, maana linawapiga machoni na mashimo yote yanakuwa rangi moja. Na msianze kwenye ukungu wa milima yetu kwa kuwa tu mna taa kali. Taa kali kwenye ukungu inakuonyesha ukungu.

Mpaka Lusahunga tulikwenda vizuri. Nilikuwa nikipunguza mapema, naachia ukingoni, gurudumu linashuka na kupanda, na nyuma nasikia, "Salamu Maria, umejaa neema," bila kukatika. Nikaanza kujiona dereva. Baada ya Lusahunga, kwenye ile njia ya malori yanayokwenda Rusumo, lami iliishiwa maana. Siku zile, kabla hawajaanza kuitengeneza upya, ilikuwa vipande vya lami vilivyokaa kama visiwa. Lori moja likawa mbele yangu, nami kwa tamaa ya kupita haraka nikalisogelea. Shimo likapita katikati ya magurudumu ya lori, likatokea chini ya bampa langu bila hodi.

Kong.

Rozari ikakatika. Halafu sauti, taratibu kabisa: "Turudi mwanzo."

"Mama, tulikuwa tumebakiza moja," mwalimu akasema.

"Mwambie Vedasto, siyo mimi. Baba Yetu uliye mbinguni."

Kuanzia hapo niliacha nafasi kubwa kati yangu na kila lori, kiasi kwamba magari mengine yalijiingiza hapo katikati, nami nikayaacha yaingie. Watu wanaona fedheha kuachia nafasi. Nafasi ile ndiyo macho yako. Lori likiyumba mbele unajua kuna kitu, likinyanyua tope unajua kuna maji, na lori halikudanganyi, kwa sababu dereva wake naye anajipenda.

Mvua ilitukuta kabla ya Nyakahura. Haikuwa kubwa, ila ilitosha kujaza kila kitu. Na hapo ndipo barabara inapoanza kusema uongo. Shimo lenye maji ni kama mtu mkimya kwenye kikao, hujui kina chake mpaka umguse. Nilikuwa nikisimama kabisa, nangoja gari jingine lipite nione maji yanafika wapi kwenye tairi lake, ndipo nachagua. Mwalimu hakuuliza tutafika saa ngapi. Namshukuru kwa hilo. Nimewabeba watu ambao kila kilima wanauliza saa.

Nikiwa nimesimama hivyo, nyuma ikaja honi ndefu. Gari dogo, limejaa watu, likapita kulia kwangu na kutumwagia maji ya tope kioo kizima. Dereva akatoa kichwa dirishani, anacheka, anapaza sauti, "Mzee Veda, umebeba mayai?" Akapotea kwenye kona.

Nikawasha waipa. Vioo vya nyuma vilikuwa na pazia, hakuweza kujua ni nani aliyelala mle.

"Huyo ni Jovini," Bibi Leokadia akasema.

"Ndiye, Mama," nikajibu.

"Sauti yake imekonda." Kisha akaendelea na sala pale alipoachia.

Hatukwenda mbali. Baada ya kona, mbele ya vibanda vya biashara, kulikuwa na dimbwi pana, na ndani yake gari dogo limeinama, gurudumu la mbele limelala nje kama mguu wa mbwa aliyechoka. Boljointi imekatika. Abiria walikuwa wameshashuka, wamesimama kwenye upenu wa duka, wanapiga simu kutafuta usafiri mwingine. Jovini alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anatazama gurudumu kama anayetazama mtu aliyemtukana.

Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari mdomoni. Maneno kuhusu mayai. Dereva mzee hapewi nafasi kama ile kila siku. Nikasimama kando, nikashusha kioo, lakini nyuma yangu pazia likafunguliwa na bibi akatoa uso.

Jovini alimwona. Tabasamu alilokuwa ameniandalia likazimika. Akatoka majini, akasogea polepole mpaka dirishani, akapiga goti kidogo kwenye tope, kama anavyofanya mtoto wa kwetu aliyelelewa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana, Bibi."

"Abiria wako?"

"Wazima wote."

"Gari?"

"Gari limeumia."

Nilidhani sasa yanakuja, yale ya hospitali, yale ya kutokuja kumwona, na nafikiri hata Jovini aliyangoja, alikuwa ameinamisha kichwa akipokea. Bibi akasema, "Ingia. Mto wangu wa goti umeteleza, na Deo hawezi kunifikia toka huko mbele. Ingia unishikie mguu."

"Bibi, nimelowa."

"Nimekuona. Ingia."

Mwenye duka akakubali kulitazama gari. Jovini akapiga simu kumwita mtu wa kulivuta, akawarudishia abiria nauli zao, akavua viatu, akapanda. Mwalimu Deogratias, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika kuliko mtu yeyote, alijigeuza nyuma akamwonyesha namna ya kushika: mkono mmoja chini ya goti, mwingine chini ya kifundo, mguu ukae usawa, usipinde nje. "Hivi," akasema. "Usibane. Ubebe tu." Halafu akampa koti lake, kwa sababu kijana alikuwa akitetemeka.

Tukaendelea, na mbele kidogo tukaacha lami tukashika barabara ya vumbi ya kwenda Nyakisasa, ambayo siku hiyo ilikuwa ya utelezi na makorongo. Mashimo ya lami yana ukingo mkali, unaingia umenyooka. Makorongo ya udongo ni mviringo, yamekatwa na maji, na yale unayaingia mshazari, gurudumu moja linashuka kwanza, lingine linafuata, gari linayumba kama mtu anayecheza taratibu badala ya kudondoka na magurudumu mawili kwa pamoja. Nilikuwa nikifanya hivyo kwa gia ya kwanza. Jasho lilinitoka na mvua inanyesha.

Sasa sikilizeni. Kila gurudumu liliposhuka, Jovini alilipokea mikononi. Alikuwa ameshika mfupa wa mtu. Pigo dogo kabisa ambalo mimi kwenye usukani silisikii, yeye alilisikia likipita kwenye goti la bibi, na aliuona uso wa bibi kabla bibi hajaufunga. Mwanzoni alikuwa akiitikia rozari tu. Baada ya kitambo nikasikia, "Mzee, kuna korongo kushoto."

"Nimeliona."

"Pole pole, Mzee."

"Natembea pole pole."

"Pole pole zaidi."

Mwalimu aliniangalia, mimi nikaangalia mbele. Dereva mwenye mbio kuliko wote Mugoma alikuwa akiniambia mimi kwamba nakimbia. Yale maneno ya mayai yalirudi tena mdomoni, nikayameza, maana nilitupa jicho kwenye kioo nikaona kijana anafuta uso kwa bega. Mikono haikuwa huru.

"Bibi," akasema baadaye, nusu kwa sauti. "Siku ile nilidhani nikifika haraka..."

"Ego," bibi akajibu, ndiyo, kwa lugha ya nyumbani. "Nilijua unadhani hivyo. Nilikuwa nakuita unishike mkono. Hukusikia, muziki ulikuwa umewaka."

"Nilisahau kuuzima."

"Ulisahau. Shikilia mguu, Vedasto anakuja na shimo lingine."

Nilikuwa nakuja nalo kweli. Niliachia breki ukingoni.

Tulifika Nyakisasa mvua imekatika. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanawake wa jumuiya wamepika, na ikawa vigelegele na pole na karibu. Bibi hakutaka kuingizwa ndani kwanza. Aliagiza ashushiwe kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, aangalie shamba. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeacha majani makavu yakining'inia kwenye migomba kama matambara. Mwalimu Deogratias akanigeukia, akanishika mkono, akasema tu, "Mzee, chakula kipo."

Tulipokuwa tunakula, bibi akamwita Jovini.

"Daktari amesema nikianza kukaa vizuri naweza kwenda kanisani. Utanipeleka wewe."

"Bibi, Mzee Veda yupo."

"Vedasto anazeeka. Nimesikia akipumua kwenye makorongo."

"Gari langu halifai, Bibi. Limekatika boljointi."

"Basi litengeneze. Nitangoja."

Na alingoja kweli. Watu wa parokia walimjia na magari yao, hata mheshimiwa mmoja mwenye gari kubwa la kiyoyozi, akawakataa wote kwa heshima. Jovini alikwenda kwa Sadoki, na Sadoki akamwingiza kwenye shimo lake, akamwonyesha chini ya gari lake mwenyewe kila kitu alichokiua. Naye alikuwa na vile vipande vya raba juu ya springi; viling'olewa. Bushi zikabadilishwa. Rimu iliyopinda ikanyooshwa, tairi lenye nundu likatupwa. Kazi yote ilichukua muda, kwa sababu Jovini alikuwa akipata riziki kwa gari la kuazima, na mwenye gari alianza kushangaa kwa nini halirudi tena likilia kong kong.

Jumapili ya kwanza ya kumpeleka bibi kanisani mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekwenda Nyakisasa kwenye ubatizo, natembea kwa miguu kutoka kanisani kwenda kwa wenyeji wangu, barabara imejaa watu wenye nguo nzuri. Mbele yangu nikaona gari la Jovini limesimama katikati ya njia, mlango wa dereva wazi, nyuma yake pikipiki mbili na gari lingine vinapiga honi. Jovini alikuwa ameshuka. Alikuwa amechuchumaa kwenye dimbwi na fimbo, suruali ya Jumapili imekunjwa, anachovya fimbo huku, anachovya kule, anatafuta ukingo uko wapi.

Nikapita karibu na dirisha la nyuma. Bibi Leokadia alikuwa ameketi wima, gongo katikati ya magoti, kitenge kipya.

"Kuna nini?" akauliza, akitazama mbele.

"Napima, Bibi," Jovini akajibu kutoka dimbwini.

"Pima," bibi akasema. "Sina haraka."